Ufundi wa Kuitafuta Kasongo

Mwanafunzi wa Kasongo anayeandaa mémoire, yaani tasnifu, kuhusu mji wake akiandika "Kasongo" katika hifadhidata ya maktaba ya chuo kikuu, huletewa watu kwanza. Kasongo ni jina la Wakongo wengi, na miongoni mwao wamo waandishi wa makala za kila fani. Kisha huja Kasongo-Lunda, iliyo mbali huko Kwango. Mji wenyewe, ule wa mkoa wa Maniema, umo humo humo, umefunikwa. Kuufunua ni ufundi, na ni ufundi unaostahili heshima kubwa kuliko tunayoupa.

Hifadhidata haijui haja yako. Inalinganisha tu herufi ulizoandika na herufi zilizomo katika kichwa cha makala, jina la mwandishi, muhtasari, na pengine matini nzima. Ndiyo maana mtafutaji hodari huanza na kalamu na karatasi, akiandika majina yote ambayo wageni na wenyeji wameipa nchi yake. Msafiri Livingstone, aliyekwama Kabambare miezi kadhaa kati ya 1870 na 1871 kwa vidonda vya miguu, aliuandika mji huo Bambarre, na nchi yenyewe Manyuema. Mwanahistoria Melvin Page alipochapisha mwaka 1974 makala yake kuhusu wafuasi wa mfanyabiashara Tippu Tip, kichwani aliandika Manyema. Waakiolojia waliochunguza Kasongo Tongoni, makao ya kale ya Waswahili na Waarabu, walichapisha katika jarida la Antiquity mwaka 2020 wakiandika Maniema. Anayeshika tahajia moja tu husikia upande mmoja wa mazungumzo. Mjuzi huyafunga majina yote pamoja kwa neno OR, akaongeza jambo analolitafuta kwa neno AND, kisha akaamuru utafutaji ufanyike kwenye vichwa na mihtasari, si kwenye majina ya waandishi. Hapo wale akina Kasongo wengine hujiondokea wenyewe.

Makala ninayoipenda kuliko zote zinazopatikana kwa njia hii ilitoka katika jarida la The Lancet mwaka 1981. Inahusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wadogo wa Kasongo. Kuipata kwa jina la mtu haiwezekani, kwa sababu iliwekwa sahihi ya timu nzima ya Mradi wa Kasongo, ule uliofanywa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp. Nchi ndani yake inaitwa Zaire, jina la zamani la Kongo. Timu iliuliza swali gumu: je, mtoto aliyeepushwa na surua huendelea kuishi, au hufa baadaye kwa maradhi mengine? Walipoona faida ya chanjo ikipungua kadiri muda ulivyopita, walizua ubishi mkubwa. Ukibofya sehemu inayoonyesha nani aliinukuu, unamfikia Peter Aaby, mtafiti aliyefanya kazi Guinea-Bissau, aliyeshikilia kwamba chanjo hiyo huokoa uhai hata zaidi ya kuzuia surua yenyewe. Mwaka 1995 yeye na wenzake walichambua upya katika BMJ tafiti za nchi kadhaa, Zaire ikiwemo. Watoto wa Kasongo wamo katika hoja ambayo dunia bado inaijadili, na vijana wengi wa Kasongo hawajaambiwa.

Mega za intaneti ni ghali, najua. Kwa hiyo soma muhtasari kabla ya kupakua faili. Ni mwepisi, na mara nyingi hutolewa bure. Andika pia maneno uliyotumia na tarehe, ili mwenzako asianze upya. Tovuti ya Persée hufungua majarida mengi ya zamani ya Kifaransa bila malipo. Tena upo mpango wa Research4Life, ulioanza na HINARI ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2002: taasisi za Kongo zimo katika kundi linalopewa makala bure. Lakini anayesajiliwa ni taasisi, si mwanafunzi mmoja mmoja.

Basi ninyi wakuu wa vyuo na wakutubi wa Kasongo na Kabambare, kama taasisi yenu haijasajiliwa, isajilini. Na ninyi walimu, kabla hamjamdai mwanafunzi orodha ya marejeo, kaeni naye saa moja mbele ya kisanduku cha kutafutia, mkamfundishe kuandika Bambarre.