Fomu Ambayo Hamza Hakupewa: Kuisoma Tena Haini

Taja Adam Shafi hapa Mji Mkongwe, watu watakimbilia Vuta N'kuvute, hasa tangu Amil Shivji alipoitolea filamu mwaka 2021. Sawa, inastahili. Lakini mie kitabu chake kisichonitoka ni Haini, kilichochapishwa 2003.

Kisa chake wengi mnakijua. Kiongozi wa nchi ameuawa, Hamza anakamatwa na wenzake, anateswa ili akiri uhaini. Msomaji wa Unguja haambiwi zaidi: anaiona Aprili 7, 1972, Karume alipopigwa risasi Kisiwandui, na kamatakamata iliyofuata. Kesi ya uhaini ikaja kusikilizwa bila washtakiwa kuruhusiwa mawakili.

Wapo wanaosema riwaya inachosha: selo, mahojiano, kipigo, halafu tena selo. Nilipoisoma chuoni nami nilisema hivyohivyo. Kazi ya uandishi wa habari ndiyo iliyonigeuza.

Miaka michache nyuma nilikaa na kijana mmoja wa Ng'ambo aliyedai kapigwa na askari. Alitaka kulalamika, ikibidi afungue kesi ya madai alipwe fidia. Alipokwenda kutibiwa akaulizwa: PF3 iko wapi? Fomu hiyo hutolewa na polisi. Yaani arudi kulekule alikopigiwa, akaombe karatasi ya kuonesha kwamba kapigwa.

"Basi kaka, naacha," akaniambia.

Kesi ya madai haitaki machozi. Inataka siku, saa, jeraha, shahidi. Nilipoirudia Haini baada ya hapo, kule kurudiarudia kulikonichosha nikakuona kwa jicho jingine. Ndani ya selo, karatasi pekee inayotakiwa ni ya kukiri. Shafi anaijaza ile nyingine, ya mlalamikaji, kipigo kwa kipigo, bila kufupisha ili sisi tusichoke. Anayelalamika hana haki ya kufupisha, maana akiruka kitu ataambiwa hakikutokea.

Na kitabu hakikutoka wakati wa amani tupu. Miaka miwili tu kabla yake, Januari 26 na 27, 2001, polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji Unguja na Pemba. Human Rights Watch ilihesabu waliouawa wasiopungua 35. Msomaji wa 2003 hakuweza kusema haya ni ya zamani.

Nina dai moja. Ningetamani kukaa muda mrefu zaidi na jamaa walio nje, maana mara nyingi hao ndio wanaohangaika ofisi hadi ofisi. Na riwaya, hata iwe nzuri vipi, haimlipi mtu fidia.

Yule kijana nilimwazima nakala yangu. Alipofika katikati akanipigia simu, swali lake moja tu:

"Na hawa waliompiga, walishtakiwa?"

Nikamwambia amalize kwanza.