Mashua ya Kilifi, Matanga ya Tuala

Majirani zangu hapa Tuala wameuza mashua yao ya matanga iliyokuwa ikilala Kilifi. Ni chombo cha faibaglasi cha futi 31, kilichojengwa Uingereza katika miaka ya 1970, chenye vitanda vitano, jiko dogo la gesi, injini ya dizeli na mikuku miwili. Wameitumia karibu kila likizo ya shule tangu watoto wao wakiwa wadogo. Bei waliyolipwa ilikuwa chini kidogo tu ya ile waliyoitangaza, na kwa anayelijua soko la vyombo vya starehe katika pwani yetu, hilo ni jambo la kuchunguzwa. Wamenikubalia nieleze walivyofanya, mradi nisiwataje majina wala nisitaje kiasi cha fedha.

Nianze na ugumu wenyewe. Anayeuza gari kama Noah au Probox Kitengela hana haja ya kumweleza mnunuzi anauza nini. Kila fundi analijua, vipuri vimejaa Kirinyaga Road, na jina la mmiliki linatafutwa kwenye mtandao wa mamlaka ya usafiri, NTSA, hapo hapo mnapozungumza. Mashua ya starehe haina soko la namna hiyo. Wanunuzi ni wakazi wachache wa pwani, watu wa Nairobi wenye uwezo na likizo ndefu, wenzetu wa Tanga na Dar es Salaam, na wasafiri wanaovuka bahari kwa tanga. Hao wa mwisho walikaribia kutoweka. Oktoba 2009 maharamia wa Kisomali waliwateka Paul na Rachel Chandler ndani ya mashua yao Lynn Rival, wakitoka Shelisheli kwenda Tanzania, na hawakuwaachilia hadi Novemba 2010. Waliosikia habari hiyo waliipa mgongo pwani yetu kwa miaka mingi. Ni tarehe 1 Januari 2023 tu ambapo mashirika ya meli ya kimataifa yaliacha kuihesabu Bahari ya Hindi kuwa eneo la hatari kubwa kwa sababu ya uharamia wa Kisomali.

Katika soko jembamba namna hiyo, mnunuzi anayejitokeza ana nguvu, na nguvu yake inatokana na asichokiona. Kila sehemu ya chombo asiyoweza kuikagua anaihesabu kuwa mbovu, kisha anaikata kwenye bei. Nikiitazama kazi waliyoifanya majirani zangu, naona walipunguza sehemu hizo moja baada ya nyingine hadi zikabaki chache sana.

Jambo la kwanza, na kwangu ndilo la werevu zaidi, lilifanyika huku bara. Adui wa matanga ni jua na unyevu. Jua la ikweta huua nyuzi za mshono kabla ya kitambaa chenyewe, na hewa ya chumvi ya Kilifi huotesha ukungu kwenye kitu chochote kilichokunjwa na kufungiwa ndani. Hapa Tuala tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni kavu sehemu kubwa ya mwaka na usiku ni wa baridi. Kwa hiyo kila safari ilipoisha, familia hii ilivua matanga, ikayaosha kwa maji matamu, ikayakausha na kuyapandisha huku pamoja na magodoro, jaketi za kuokolea maisha na redio. Nimeyaona yakiwa yamening'inizwa kwenye stoo yao yakiwa yamekunjwa kwa mapana ili yasivunjike mistari. Ukichukua ukucha na kukwaruza uzi wa mshono wa tanga lililochakaa, unakatika na kubaki vumbi kidoleni. Mshono wa tanga lao kubwa uliukataa ukucha wangu. Mnunuzi naye alifanya jaribio hilo hilo, na baada ya hapo hakulizungumzia tena suala la matanga.

Faida ya pili ya kuhamisha vitu ni kwamba mashua ilibaki tupu. Chombo kilichojaa viatu, vitabu na sufuria hakikaguliki. Kijana mvuvi wa Mnarani, waliyemlipa kila mwezi bila kukosa, alikuwa akikifungua ili kipigwe na upepo, anainua mbao za sakafu na kutazama ngama. Naomba wanaomiliki vyombo wakiwa mbali wazingatie hilo la malipo ya kila mwezi. Nimeona mashua nzuri zikiozea kwenye maboya kwa sababu mlinzi alisahauliwa.

Ngama yenyewe ilizua jambo dogo lililoniridhisha sana. Siku ya ukaguzi kulikuwa na maji ya kujaza kikombe chini kabisa, karibu na injini. Mnunuzi alikunja uso. Mwenye mashua akachovya kidole, akaonja, akamwambia naye aonje. Yalikuwa maji matamu. Maji ya chumvi yangemaanisha kwamba bahari inaingia chini ya mstari wa maji, na hiyo ni habari ya kutisha. Maji matamu ni mvua, au tangi la kunywa linalovuja. Walifuata njia ya unyevu hadi kwenye bomba la tangi lililolegea kibano chake, wakakikaza kwa bisibisi, na mazungumzo yakaendelea.

Sasa tushuke chini ya chombo, mahali ambapo mauzo mengi huvunjikia. Kutoa mashua majini kwa mashine ni gharama, na wanunuzi wengi hukata tamaa hapo au hutumia gharama hiyo kupigania punguzo. Mikuku miwili iliondoa kikwazo hicho. Chombo cha mkuku mmoja kikipwelewa hulala ubavu, lakini cha mikuku miwili husimama wima mchangani. Pwani yetu ina bamvua ambapo maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na siku hizo za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji hukauka karibu na saa nne au saa tano asubuhi, mchana kweupe. Muuzaji alitazama jedwali la maji, akaichagua siku hiyo, akaiegesha mashua kwenye mchanga mgumu maji yakiwa bado yamejaa, akasubiri. Maji yalipotoka, mkaguzi wa mnunuzi alikuwa na saa kadhaa za kuzunguka chombo kwa miguu yake, bila gharama ya kukitoa majini.

Mkaguzi aligonga faibaglasi kwa nyundo ya plastiki, hatua kwa hatua kutoka omo hadi tezi. Palipo pazima mlio ni mkavu na mkali. Palipoingia maji unafifia na kuwa mzito. Vyombo vya miaka ya 1970 vina ugonjwa unaojulikana: maji hupenya polepole ganda la nje, hukutana na kemikali ambazo hazikuiva vizuri kiwandani, yakazaa majimaji ya asidi yanayoinua malengelenge. Ukilipasua lengelenge, linanuka siki. Mashua hii ilikuwa nayo, machache, karibu na usukani. Muuzaji hakuyafunika kwa rangi mpya. Alikuwa na daftari lenye picha za mahali hapo hapo kila chombo kilipokauka, kila lengelenge likiwa limezungushiwa chaki. Mnunuzi alizipanga picha kwa miaka akaona yameongezeka kidogo mno. Kasoro inayojulikana mwenendo wake inaweza kupewa bei, na walikubaliana bei hiyo palepale ufukweni. Rangi mpya inayopakwa wiki moja kabla ya mauzo humfanya mkaguzi yeyote mwenye akili ashuku.

Kisha vali. Mashua ya namna hii ina matundu kadhaa yaliyotobolewa makusudi chini ya mstari wa maji, la choo, la sinki, la kupoza injini, na kila tundu lina vali yake. Vali moja ikivunjika, chombo kinazama kikiwa kimefungwa kwenye boya, usiku mmoja, bila dhoruba. Zilizo bora ni za bronzi. Za shaba ya njano ya kawaida zina zinki ndani yake, na maji ya chumvi huila zinki hiyo na kuacha umbo lile lile likiwa na matundu yasiyoonekana. Mkaguzi alitoa kisu akakwaruza kila vali. Metali nzima hung'aa njano chini ya kisu. Iliyoliwa huonyesha waridi, rangi ya shaba nyekundu iliyobaki peke yake. Vali ya sinki ilionyesha waridi. Wenye mashua hawakujua, na walishtuka, kwa sababu watoto wao walikuwa wakilala juu yake. Walinunua ya bronzi, ikafungwa kesho yake maji yalipotoka tena, na gharama ikawa yao. Nadhani waliamua sawasawa. Jambo linaloweza kuua mtu halipaswi kujadiliwa kama punguzo.

Nyaya zinazoshikilia mlingoti zilikuwa na umri wa miaka kumi na zaidi, umri ambao kampuni nyingi za bima huanza kudai zibadilishwe hata kama hazionyeshi dosari. Hapa muuzaji alichukua njia tofauti: hakuzibadilisha, aliandika umri wake kwenye tangazo lenyewe na kusema kwamba bei imeshazingatia hilo. Hakukuwa na la kujadili. Injini nayo ilihitaji sheria moja tu, kwamba mnunuzi aikute baridi. Ukiifikia injini ya dizeli ikiwa tayari ina joto, umenyimwa ushahidi wa jinsi inavyowaka asubuhi.

Makaratasi ndiyo yaliyochukua muda mrefu, na bahati yao ni kwamba waliyaanza kabla ya kutangaza. Tumezoea kwamba jina lililo kwenye logbook ya gari huchukuliwa kuwa la mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Sheria ya Trafiki inasema hivyo. Mashua zilizotoka Uingereza zina mtego. Nyingi ziko kwenye rejista ya vyombo vidogo ya huko, na cheti cha rejista hiyo kinatambulisha chombo na bendera yake bila kuthibitisha umiliki wala kuonyesha mkopo. Isitoshe, uandikishaji huo unakoma chombo kinapouzwa. Rejista kamili, ile inayogawa kila chombo katika hisa 64, ndiyo inayobeba umiliki na rehani. Kwa hiyo cheti kizuri chenye muhuri hakimtoshi mnunuzi. Anahitaji mfululizo wa hati za mauzo, kutoka kwa mmiliki hadi mmiliki, bila pengo.

Mtego wa pili ni ushuru. Mgeni anayeingia na mashua yake anaweza kuiingiza kwa muda bila kulipa ushuru, kipindi kisichozidi miezi 12, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. Mashua hiyo ikiuzwa kwa mkazi, deni la forodha linaamka. Wapo walionunua chombo kwa bei ya kufurahisha kisha wakagundua kwamba walikuwa wamenunua pia ushuru usiolipwa. Familia hii iliinunua kutoka kwa mgeni, ikalipa ushuru wakati huo huo, na kuhifadhi stakabadhi Tuala, kwenye kabati kavu, mbali na chombo chenyewe. Waliiandikisha kwa majina ya mume na mke, hivyo sahihi za wote wawili zilihitajika. Nakala za yote haya, pamoja na vyeti vya ukaguzi vya Mamlaka ya Masuala ya Bahari, KMA, zilitumwa kwa kila aliyeuliza kwa dhati, kabla hajapanda gari moshi kwenda Mombasa.

Walitangaza Novemba. Kufikia Januari kaskazi imetulia, bahari iko tambarare kiasi cha kumpeleka mnunuzi nje ya mlango wa Kilifi bila kumtia kichefuchefu, na anayetaka kuishusha mashua hadi Pemba au Tanga anapata upepo wa kumsukuma. Ukingoja hadi Aprili, kusi na masika vinafika pamoja na unaanza kukionyesha chombo kikiwa kimefunikwa maturubai.

Kuhusu fedha, walifuata desturi ya kimataifa: amana ya asilimia 10 kwa wakili baada ya kukubaliana bei, ukaguzi ukifuata, na haki ya mnunuzi kurudishiwa akikuta kasoro kubwa isiyotajwa. Nina pingamizi moja. Walikataa kuipeleka mashua baharini kwa majaribio kabla ya amana kuwekwa, wakihofia watu wa kutalii bure. Naelewa hofu hiyo, lakini katika soko lenye wanunuzi wa kuhesabika, saa mbili chini ya tanga ni bei nafuu ya kumpata mtu aliye tayari kulipa, na nijuavyo mimi, wawili waliotoka Nairobi waliondoka kwa sababu hiyo.

Salio lililipwa benki kwa benki, wakili akashika hati ya mauzo hadi fedha zilipothibitishwa, na mnunuzi akapewa orodha ya kila kitu kilichomo, pamoja na urefu wa mnyororo wa nanga kwa mita na tarehe ya kuisha kwa kila fataki ya dharura. Kijana wa Mnarani ameendelea na kazi kwa mwajiri mpya, kwa mshahara ule ule, na hilo liliandikwa kwenye makubaliano.