Shule ya Udongo ya Gando

Wako watu wengi wasomao, tena wenye heshima zao, wadhanio kuwa nyumba ya udongo ni dalili ya ufukara, na kwamba maendeleo ya kijiji hupimwa kwa bati na saruji. Kwa hao napenda kueleza habari za shule moja iliyo mbali nasi, katika kijiji cha Gando, nchi ya Burkina Faso, iliyomalizika kujengwa mwaka 2001.

Aliyeichora ni Francis Kéré, mwana wa chifu wa kijiji hicho, aliyezaliwa mwaka 1965. Kwao hapakuwa na shule, basi alipelekwa mji wa Tenkodogo, akasoma katika darasa la giza na joto, watoto zaidi ya mia wamesongamana. Baadaye alikwenda Ujerumani kujifunza useremala, kisha usanifu wa majengo. Na kabla hajamaliza masomo alikuwa amekwisha kukusanya fedha ili watoto wa Gando wapate shule yao.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Kuta ni matofali ya udongo wa pale pale, uliotiwa saruji kidogo na kushindiliwa. Dari nayo ni matofali, yamepangwa juu ya nondo, na nafasi za kupitishia hewa zimeachwa. Bati liko, lakini halikulazwa juu ya kuta kama tufanyavyo sisi: limeinuliwa mbali na dari kwa nondo zilizoungwa, likatokeza nje sana hata mvua isizipige kuta. Hewa ya moto ya darasani hupanda, hupenya darini, na upepo upitao chini ya bati huichukua. Kila mwalimu aliyefundisha hesabu saa nane mchana chini ya bati tupu, watoto wakisinzia naye akiitamani kengele, atajua mara moja thamani ya jambo hili.

Wenyeji hawakukubali upesi, maana walijua udongo hubomoka kwa mvua. Hata hivyo walijenga wao wenyewe: watoto waliokota mawe ya msingi, wanawake walichota maji. Na kwa dari ya nyumba ya vitabu, iliyoanzwa baadaye, walileta vyungu vyao vya nyumbani, vikakatwa ili mwanga na hewa vipite ndani yake. Wazo hilo lanipendeza kuliko yote.

Mwaka 2022 Kéré alipewa tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata. Lakini nina neno moja kwa wasifuo. Husema shule ile ni ya udongo, wakanyamaza juu ya nondo, saruji na kazi ya kuchomelea, vitu vinunuliwavyo, na fedha zilitoka mbali. Kijiji kisicho na mwana wake Ujerumani kitafanyaje? Nondo labda hakitapata. Lakini kuliinua bati juu ya dari, na kuuacha upepo upite katikati, seremala mwema aweza kufanya kwa miti. Na shule zetu nyingi bado hazijaezekwa.