Jeki Imepata Betri, na Probox Iko Juu!

Jamani, hebu niwaambie! Jeki ya mkasi, ileile iliyokuja na Toyota Probox kutoka Japani, ileile tunayoizungusha tukiwa tumepiga magoti topeni, imepata mwenzake. Chukua mashine ya betri ya kufungulia nati za magurudumu, itie soketi, ielekeze kwenye skrubu ya jeki, bonyeza. Trrrrr! Gari hilo, linapaa! Nimeiona ikifanya kazi Gatwekera, Kibera, na bado sijatulia.

Anayevijua vichochoro vya Gatwekera ataelewa kelele zangu. Gari limebanwa kati ya mtaro na ukuta wa mabati. Mkono wa jeki haupati nafasi ya kuzunguka duara zima, na kila ukijaribu, vidole vinakwaruza mabati. Mashine haina shida hiyo: yenyewe imetulia, kinachozunguka ni soketi tu. Ongeza fimbo ndefu ya soketi na unafanya kazi umechutama kando, suruali safi. Wala usiniambie habari ya mashine ya upepo na kompresa yake. Kompresa nyingi zinataka stima, na stima ya mtaani tunaijua tabia yake. Betri unaichaji ikiwepo, basi.

Lakini sikiliza, isiwe drili. Drili inasukuma mfululizo, na jeki ikikaza, kinachozungushwa ni kiwiko chako. Mashine ya nati ina nyundo ndani inayogonga upesi upesi, kwa hiyo nguvu inakwenda kwenye skrubu na mkono unahisi mtetemo tu. Kazi ngumu iko mwanzoni, jeki ikiwa chini. Mikono yake imelala karibu bapa, na skrubu inavuta kwa taabu kuliko wakati wowote mwingine. Ikishainuka kidogo, mambo yanalainika. Ndiyo maana drili ndogo hulia kabla gari halijasogea.

Sasa utamu wenyewe! Jeki ya Toyota mwishoni ina tundu la kutia ndoano, na ndoano kwenye mashine ya kasi hii inayumba ovyo. Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma amemaliza ubishi: amechomelea nati ya milimita 21 mwisho wa skrubu. Kwa nini 21? Kwa sababu nati za magurudumu ya Probox ni 21! Soketi moja inalegeza gurudumu, inapandisha gari, inalishusha. Ningempa fundi huyo nishani. Hakikisha tu soketi ni ile nyeusi nene ya kuhimili kugongwa. Ile inayong'aa yaweza kupasuka.

Ukienda kununua, usibabaishwe na vibandiko. Betri ya volti 18, ya 20 na ya 21 mara nyingi ni seli tano zilezile za lithiamu: 18 ni kipimo cha kawaida, 21 ni ikiwa imejaa. Na zile zilizoandikwa 48 au 88 kwa wino mkubwa? Fungua uhesabu seli, ucheke.

Kasoro zipo. Inapiga kelele, na mtoto aliyelala nyuma ya mabati ataamka. Jeki hii iliundwa kwa mwendo wa mkono, kwa hiyo paka skrubu grisi na uachie kitufe kabla haijafika mwisho. Legeza nati gurudumu likiwa bado chini, zuia matairi mengine kwa mawe, weka ubao chini ya jeki kama ardhi ni laini. Usiingie chini ya gari bila stendi, hata kama ni kuokota nati iliyobiringika. Na kukaza kwa mwisho ni kwa spana ya kupima, nyutoni-mita 103 kwa Probox, maana mashine ikiachiwa itakaza hadi atakayepata pancha barabarani ashindwe kufungua.

Hukumu yangu? Kama wewe ni fundi wa pancha, umechelewa, kanunue leo. Kama una gari lako moja tu, changeni na majirani. Spana ya mkono ibaki kwenye buti, kwa siku ambayo betri itakuwa imekwisha.