Hongera, Wasaidizi wa Kisheria wa Njia Panda

Kata ya Mjimwema iko Makambako. Sisi wa huku tunawajua wapita njia. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma inakutana Makambako na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita hapohapo. Miongoni mwa wasafiri wamo watoto wasio na mtu: binti aliyeahidiwa kazi za ndani mjini, kijana wa Kiethiopia anayeitafuta Afrika Kusini bila kujua Kiswahili.

Mtoto wa namna hiyo akikamatwa, wakili yuko mbali, na ada yake iko mbali zaidi. Anayemfikia mapema ni msaidizi wa kisheria, aliyetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Haruhusiwi kutoza ada wala kusimama mahakamani kama wakili. Wapo wanaomdharau kwa hilo. Siafikiani nao, maana shauri la mtoto huharibika kabla halijafika kwa hakimu: kachanganywa na watu wazima mahabusu, kaandikiwa umri usio wake, hakuna mkalimani, ofisa ustawi wa jamii hajaitwa. Msaidizi huyashughulikia hayo, akikumbusha kwamba kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, awe na cheti cha kuzaliwa au asiwe nacho.

Wasaidizi, hongereni sana. Nawe msomaji, ukimkuta mtoto peke yake stendi, piga 116. Simu hiyo ni bure.