Mradi Usio na Mchoro: Uhakiki wa Sanaa, Usanifu na Teknolojia katika Sekondari ya Chini nchini Uganda

Mtaala wa sekondari ya chini nchini Uganda, ulioanza kutumika katika kidato cha kwanza mwaka 2020, ulisifiwa hasa kwa kuahidi kumfundisha mwanafunzi kwa kutenda. Orodha ya masomo ilipunguzwa kutoka 43 hadi 21, mradi ukawa sehemu ya kazi ya shule, na tathmini endelevu ikapewa 20% ya alama za mwisho. Shule zilifungwa kwa takriban miaka 2 kwa sababu ya korona, hivyo kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala huo lilifanya mtihani wa kitaifa mwaka 2024. Sasa inawezekana kuuliza swali ambalo sherehe za uzinduzi hazikuliuliza: je, mwanafunzi wa umri wa miaka 13 au 14 anayetengeneza kitu shuleni anafundishwa kusanifu, au anafundishwa kukabidhi bidhaa?

Jibu linaanza kuonekana katika mpangilio wenyewe wa masomo. Katika vidato viwili vya kwanza mwanafunzi husoma masomo 12, na kati ya hayo 11 ni ya lazima. Limebaki 1 la hiari. Sanaa na Usanifu ni somo la hiari. Teknolojia na Usanifu pia ni somo la hiari. Kwa hiyo mtoto anayechagua kuchora huacha msumeno na patasi, na anayechagua msumeno huacha brashi na rangi. Neno “usanifu” limeandikwa katika majina yote mawili, lakini hakuna njia ya kawaida ya kuyapata yote mawili kwa pamoja katika umri ambao jicho na mkono bado vinakua pamoja. Shule yenye mwalimu mmoja wa sanaa na isiyo na karakana hata haimpi mwanafunzi nafasi ya kuchagua, ratiba humchagulia.

Jambo hili linashangaza zaidi linapotokea Uganda kuliko lingetokea kwingine. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere mwishoni mwa miaka ya 1930, na kitabu chake cha 1937 kilihusu sanaa na ufundi wa Kiafrika shuleni. Mengi katika fikra zake yanastahili kupingwa, hasa ile dhana ya kikoloni kwamba Mwafrika alindwe dhidi ya mafunzo ya Ulaya asije akapoteza “uasilia” wake. Hata hivyo, alikataa kutenga kitu kizuri na kitu cha kutumika, na shule ya Makerere iliyopewa jina lake iliunganisha katika jina hilo sanaa za viwanda na sanaa za uzuri. Mtaala wa 2020 umetenganisha kile ambacho nchi hii iliwahi kukiona kuwa kitu kimoja.

Mfano wa lubugo unaonyesha hasara yake. Nguo hii ya gome la mutuba, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi wa binadamu usioshikika, ni somo kamili la usanifu kabla haijawa somo la utamaduni. Gome la ndani huvunwa wakati wa mvua, na shina lililovuliwa hufungwa majani ya mgomba ili lijiponye na kuota gome jingine. Gome hugongwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji tofauti, kuanzia mipana hadi membamba, mpaka liwe laini na lenye unene sawa. Kazi hufanyika chini ya banda lililo wazi ili gome lisikauke upesi. Kila hatua ni uamuzi: lini, kwa chombo gani, kwa nguvu kiasi gani, na kwa nini hapa na si pale juani. Mwanafunzi wa sanaa hulipokea lubugo likiwa limekwisha kutengenezwa, akalikata na kulishona liwe mkoba au picha ya ukutani. Mwanafunzi wa teknolojia halioni kabisa, kwa kuwa limehesabiwa kuwa mali ya sanaa. Hakuna anayeulizwa mfereji wa nyundo hufanya kazi gani.

Ni kweli kwamba kipindi cha dakika 40 hakitoshi kugonga gome. Kinatosha, hata hivyo, kuchora nyundo tatu, kuzilinganisha na kukisia alama zitakazoachwa na kila moja juu ya kipande cha gome la mgomba. Kazi hiyo haigharimu karibu chochote. Inachohitaji ni mwalimu anayeamini kwamba mchoro uliokosewa na kurekebishwa una thamani ya alama.

Hapo ndipo tatizo kubwa lilipo. Tathmini inayosubiri kitu kilichokamilika humlazimisha kila mtu kukitafuta kitu hicho. Sabuni ya maji, mishumaa, mikeka na fagio zimekuwa miradi ya kawaida kwa sababu huonekana, huhesabika na, ikibidi, hununulika. Kenya ilikwisha kuonja jambo hili katika madarasa ya chini ya mtaala wa umilisi, ambako wazazi walilalamika hadharani kwamba wao ndio waliokuwa wakitengeneza sanamu za kutishia ndege, watoto wamelala. Ilikuwa imelionja kabla ya hapo pia: somo la sanaa na ufundi chini ya mfumo wa 8-4-4 wa mwaka 1985 liliwategemea wazazi kwa vifaa, na halikudumu kama somo la mtihani. Baada ya jopo la rais la mageuzi ya elimu kutoa mapendekezo yake mwaka 2023, masomo ya sekondari ya msingi nchini humo yalipunguzwa kutoka 14 hadi 9, na sanaa za kuona zikatiwa katika chungu kimoja na muziki, maigizo na michezo. Uganda imeitenga sanaa na teknolojia. Kenya imeichanganya sanaa na mpira. Mshauri wa sera anayeulizwa ni kosa gani dogo kati ya hayo mawili ana haki ya kusitasita.

Lugha nayo imechangia. Katika matumizi ya kila siku, “mradi” ni kitu cha kuingiza fedha: mradi wa kuku, mradi wa matofali. Neno hilo likiingia darasani bila ufafanuzi, huja na soko lake. “Ubunifu” nalo limebebeshwa mzigo wa dhana tatu, yaani kipaji, uvumbuzi na upangaji wa kitu kabla ya kukitengeneza. Ripoti ya shule inayosema wanafunzi “walionyesha ubunifu” haijasema lolote linaloweza kukaguliwa. “Usanifu” lingefaa zaidi, ingawa linavutwa upande mmoja na wajenzi wa majumba na upande mwingine na lugha sanifu.

Kwa wataalamu wa Kiswahili suala hili haliko mbali. Kiswahili ni mojawapo ya yale masomo 11 ya lazima katika vidato hivyohivyo viwili. Mwanafunzi anayeandika kwa Kiswahili jinsi alivyopima, alichokosea na sababu ya kubadilisha mshono wa mkoba wake, akaambatanisha michoro yake mitatu ya mwanzo, hutoa ushahidi ambao hauuzwi dukani wala mzazi hawezi kuukamilisha usiku. Insha ya maelezo tayari imo katika ufundishaji wa lugha. Kinachokosekana ni mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa sanaa kuruhusiwa kusahihisha daftari moja, na alama za daftari hilo kuingia katika ile 20%.