Tundu Lililokuwa Nyuma ya Sipiyu Siku Zote

Kompyuta ni Dell OptiPlex 7010, ya ofisini, toleo la 2012. Monita ni mpya na ina matundu mawili tu: HDMI na DisplayPort. Kwa miaka yote sipiyu hiyo nimeitumia kwa waya wa VGA, ule wenye kichwa cha buluu na skrubu mbili. Dukani nikauziwa waya wenye VGA upande mmoja na HDMI upande wa pili. Nikachomeka, nikawasha. Giza.

Waya haukuwa mbovu. Kazi yenyewe hauiwezi. VGA, iliyoletwa na IBM mwaka 1987, hupeleka picha kwa umeme unaopanda na kushuka: nyekundu, kijani na buluu, kila rangi na pini yake, kati ya volti 0 na 0.7. HDMI hupeleka tarakimu. Shaba tupu haigeuzi volti kuwa tarakimu. Lazima katikati pawe na chipu, na chipu hula umeme, ndiyo maana vigeuzi vingi vya kweli vina mkia wa USB. Wauzaji wangelisema hili kabla ya kupokea hela.

Nikatafuta kigeuzi. Picha ikaja, lakini imetanuka: 1024 kwa 768 kwenye skrini ya 1920 kwa 1080. Kwenye VGA, monita hujitambulisha kupitia pini ya 12 na ya 15. Kigeuzi kile hakikupitisha utambulisho huo, basi kompyuta ikabaki kubahatisha.

Nilipoigeuza sipiyu kuifuta vumbi ndipo nikayaona: matundu mawili ya DisplayPort, hayajawahi kuguswa. Hayo hutoa dijitali moja kwa moja. Kwa monita yenye HDMI pekee, adapta ndogo isiyo na umeme wake ingetosha, maana tundu hilo la DisplayPort lenyewe linaweza kutoa ishara ya HDMI, hadi 1920 kwa 1200. Kinyume chake, kutoka HDMI ya kompyuta kwenda DisplayPort ya monita, hudai chipu. Na mwenye DVI ya dijitali asihangaike: ishara yake ya picha ni ileile ya HDMI.

Nilinunua waya wa DisplayPort kwa DisplayPort. Herufi ndogo za hesabu zangu, zilizokuwa na ukungu, zikakaa wima. Monita ya zamani nimeirudisha kwenye VGA, na sasa zote mbili zinafanya kazi pamoja.